Steshenari ya Mwalimu, Majengo Mtwara: nyota nne kwa faili langu la tajnisi, yaani la mgeni kuomba uraia

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozitaja huko mbele, na iliyo kubwa haigusi kazi yenyewe ya karatasi. Kwa karatasi, yule mama mwenye duka sijamwona wa kumfikia Mtwara mjini, wala Lindi nilikoulizia kwanza.

Duka lipo Majengo, mtaa wa ndani, katikati ya fundi cherehani na mama anayechemsha ming'oko. Usitafute bango, halina. Ukutani pameandikwa kwa rangi ya buluu KUCHAPA, FOTOKOPI, PICHA ZA PASIPOTI, na chini yake mtu kaongeza kwa mkaa VOCHA ZIPO, ingawa vocha hazipo. Ndani kuna kompyuta moja, printa mbili (moja imefunikwa kanga, wateja wanaiita marehemu), benchi la watu wanne linalokaliwa na sita, na mwenyewe nyuma ya meza na miwani yake ya kamba. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, ndiyo maana kila mtu anamwita Mwalimu, na hata risiti anasaini hivyo hivyo. Wengi huja kutoa kopi za vyeti vya watoto, barua za kuomba kazi, fomu za vikundi vya mikopo. Lakini jina lake limevuka hadi Kilambo kwa jambo moja, nalo ni mafaili ya uraia. Wake tuliovuka Ruvuma kuja kuolewa, Wamalawi wanaofanya kazi huku, wazee walowezi ambao hawana karatasi ya nchi yoyote, wote utawakuta kwenye lile benchi.

Mimi ni wa kundi la wake. Nimezaliwa Palma, nyumbani tunasema Kimwani. Nimeolewa Mikindani na mvuvi, nimezaa Mikindani, na watoto wangu ni Watanzania kwa baba yao, hawana shida na mtu. Mwenye shida nilikuwa mimi, na pasipoti yangu ya Msumbiji na kibali cha kukaa ambacho ukishakizoea tu kinakwisha. Watu walidhani nimeamua kuomba uraia kwa sababu Palma ilivamiwa ile Machi 24, 2021. Nyumba ya wazazi wangu iliungua, hilo kweli, na mama yangu sasa anaishi Pemba ya Msumbiji kwa dada yake. Lakini kilichonisukuma ni mikorosho. Mama mkwe ana shamba upande wa Naliendele, akataka jina langu liandikwe pamoja na la mwanawe, kwa sababu palizi na kuokota korosho kila msimu nafanya mimi, mwanawe yuko baharini. Ofisini tukaambiwa haiwezekani. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na mimi na jembe langu hatukuhesabiwa kuwa wawekezaji.

Kabla sijaelekezwa kwa Mwalimu alinijia kijana mmoja, kishoka, shati limepigwa pasi na bahasha kwapani. Alitaka laki tatu, nusu mkononi, nusu kazi ikiisha. Kwa hiyo hela ningepata cheti cha kuzaliwa kinachosema nimezaliwa hapa hapa Mikindani, na habari za Palma ziishie hapo. Nikamwuliza, na mama yangu aliyenizalia Palma tumpeleke wapi? Akasema mama hahojiwi. Nikamlipia soda yake nikaondoka. Baadaye Mwalimu alinieleza kwamba uraia uliopatikana kwa udanganyifu, au kwa kuficha jambo la msingi, unaweza kufutwa hata kama umeshaukalia miaka, na kishoka wako siku hiyo hutamwona.

Sasa utaratibu wa Mwalimu, ambao ukiwa na haraka utakuudhi. Siku ya kwanza hagusi kompyuta kabisa. Anakwambia mwaga kila ulichonacho mezani, pasipoti ya zamani na mpya, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, barua ya mtaa, vyeti vya mume, risiti za kibali. Anavisoma kimoja kimoja, taratibu, na penseli mkononi. Nakala yake ya Sheria ya Uraia, ile ya 1995, imechakaa mpaka kurasa zimekuwa laini, imejaa mistari. Akanitazama juu ya miwani.

"Mume yu hai?"

Nikasema yupo nje anakunywa kahawa.

"Usinicheke, mwanangu. Sheria imesema mke wa raia ana haki ya kuomba wakati wowote wa uhai wa mumewe. Kwa hiyo usikae na haya makaratasi kabatini miaka mingine mitano ukisema utafanya kesho. Mvuvi huyo."

Mume wangu alisikia kutoka nje, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika nyumbani. Nikimwomba achote maji ananiambia yeye ni kiambatisho namba moja, atunzwe, asije akapotea kabla ya Dodoma kujibu. Mama mkwe hakupenda huo utani hata kidogo, alitoa sadaka.

Nilichokipenda zaidi ni jicho la yule mama kwenye majina. Hapa ndipo wenzetu wa ng'ambo tunapokwama wengi na hatuambiwi mapema. Baba yangu kwenye pasipoti yangu ya Msumbiji anaitwa Assumane, kwa herufi za Kireno. Kwenye cheti cha ndoa, sheikh aliandika Athumani. Kwenye kitambulisho changu cha mgeni mkazi kaandikwa Asumani, s moja. Mwalimu alizipanga zile karatasi tatu bega kwa bega akasema, "Una baba watatu, na kamati itataka kujua mama yako aliwezaje." Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, lakini alikuwa hatanii. Alinichapia kiapo kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kwamba majina hayo matatu ni ya mtu mmoja, kisha akanituma kwa wakili nikaape na kugongewa muhuri huko. Yeye hana muhuri wa kiapo na hataki kuwa nao. Ukimwomba "akumalizie hapo hapo" anakuonyesha mlango.

Kisha ikaja Pemba. Cheti changu kipya cha kuzaliwa kimetolewa Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado. Kijana anayemsaidia kuchapa akachapa "Pemba" akaendelea na mstari unaofuata. Mwalimu akamsimamisha. "Pemba ipi? Wakisoma Dodoma watajua ni ya Chake Chake, halafu watauliza Mpemba anaombaje uraia wa Tanzania." Ikaandikwa Pemba, Cabo Delgado, Msumbiji, kila mahali ilipotokea, mpaka kwenye bahasha. Mimi niliyezaliwa Cabo Delgado nilikuwa sijaliona hilo.

Tena hakubali kukuwekea plastiki vyeti halisi kabla faili halijaisha safari yake. Wateja wanagomba, wanasema cheti kitachafuka. Anawajibu kwamba karatasi iliyofungwa plastiki haigongwi muhuri nyuma, na akikuwekea leo kesho utarudi kumlaumu.

Alipokwama yeye ni kwenye Kireno. Hajui hata neno, na hafichi. Cheti changu cha kuzaliwa kilibidi kitafsiriwe, na badala ya kunitafutia kijana wa mtaani anayedai aliishi Maputo, alinielekeza BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambao hutoa huduma ya tafsiri. Ilinigharimu muda na hela ya kutuma Dar es Salaam, na ninaamini angekuwa na mtu wake wa kuaminika kwa kazi hiyo hapa kusini angeokoa wengi, maana nusu ya benchi lake linatoka kwenye nchi ya Kireno. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya ile nyota.

Niseme habari ya kaka yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Kaka alikuja Mtwara na kampuni ya ujenzi, kwa kibali, akakaa. Ameoa Mmakonde wa Tandahimba, wana watoto. Alipoona faili langu linasogea akasema na yeye amwone Mwalimu, kwani si ameoa Mtanzania kama mimi nilivyoolewa na Mtanzania? Mwalimu akamkalisha, akamwambia hapana. Hiyo njia ni ya mke. Mwanamume aliyeoa raia haingii kwa ndoa, anapita njia ya wote, ya miaka. Kaka hakuamini. Kusema kweli hata mimi sioni haki yake iko wapi, watoto wake na wangu wanasoma darasa moja, lakini duka la fotokopi halitungi sheria.

Njia ya miaka alimweleza hivi. Miezi kumi na miwili ya mwisho kabla ya kuomba uwe umekaa nchini mfululizo. Kisha katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi, ukijumlisha vipindi ulivyoishi humu visipungue miaka 7. Uwe unajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, uwe na tabia njema, uwe umechangia na unaweza kuendelea kuchangia uchumi wa nchi au sayansi au utamaduni, na uwe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Wengi wakisikia "miaka saba" wanahesabu tangu siku waliyoshuka kwenye kivuko. Mwalimu hahesabu hivyo. Alitoa daftari la hesabu, la mraba, na kalamu mbili za rangi. Kila mraba mwezi mmoja. Buluu ndani ya nchi, nyekundu nje. Akaanza kufungua pasipoti ya kaka ukurasa kwa ukurasa, kila muhuri wa Kilambo akauandika, kila kibali kilipoishia na kingine kilipoanzia akaweka alama. Ilichukua asubuhi nzima na wateja wa fotokopi wakahudumiwa na yule kijana.

Ukiitazama ile karatasi unaona maisha ya mtu. Vipande vidogo vyekundu ni misiba na harusi. Kipande kirefu cha 2021 ni alipokwenda kuwatafuta wazazi wetu, kutoka Palma mpaka walipopatikana. Na katikati pana miraba aliyoiacha nyeupe, kibali cha kwanza kimeisha cha pili hakijatoka, kampuni inasema kesho. Hiyo nyeupe ndiyo iliyomtia wasiwasi Mwalimu zaidi. Akasema, "Hii usiniambie ulikuwepo. Najua ulikuwepo. Nionyeshe karatasi inayosema ulikuwepo kihalali."

Alipomaliza kujumlisha akamwambia bado. Rudi baada ya korosho za mwakani, na ukija leta barua ya mwajiri ya ile miezi myeupe. Kaka alikuwa ameshaweka noti mezani. Akazisukuma zirudi upande wake, akachukua hela ya kopi tu. Kaka akatoka amekasirika, akimsema kwa Kimwani njia nzima, akisahau kwamba mtu wa pwani mwenye Kiswahili chake Kimwani anakidaka. "Mwambie kaka yako nimesikia," Mwalimu akaniambia, "na hiyo karatasi ya mraba asiitupe."

Kwangu hiyo ndiyo thamani ya duka. Kuchapa anachapa kila mtu. Huyu anakwambia faili lako halijaiva, na anakwambia kabla hujalipa ada ya serikali, kabla hujakaa mbele ya kamati ukaulizwa swali ambalo hukulijua. Vishoka wote niliowasikia hapa mjini hawajawahi kumwambia mtu bado.

Jambo jingine kwa wanaopita njia ya miaka: kusudio lako linatangazwa gazetini, matoleo mawili mfululizo, kwamba fulani wa mahali fulani anaomba uraia, na mwenye sababu ya kupinga aandike. Mwalimu anaandaa maneno ya tangazo, nawe unayapeleka mwenyewe. Alimwonya kaka kwamba jina lililoko kwenye tangazo lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, ndiyo tena tukarudi kwa baba yetu Assumane.

Sasa niwachukue kwenye benchi, kwa sababu utakaa hapo muda mrefu upende usipende. Mimi nilikaa pembeni ya mzee mmoja wa Kimakonde, asili yake Mueda. Wazazi wake walivuka naye vita vya ukombozi vilipoanza, 1964, yeye mgongoni, wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rutamba, huko Lindi. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975 wenzao wengi walirudi. Baba yake hakurudi, alikuwa ameshapanda mikorosho na imeanza kuzaa. Mzee akakulia huku, akaoa huku, akazika baba huku, na hajawahi kuulizwa kitu mpaka ilipokuja habari ya vitambulisho vya taifa. Akatusimulia Wamakonde wa Kwale, Kenya, ambao babu zao walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, jinsi walivyotembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 mpaka serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. "Sasa sisi tukitembea," akauliza, "tutembee twende wapi, Dodoma? Kwa goti hili?" Mama wa ming'oko aliyekuwa amesimama mlangoni akamwambia babu wewe panda basi.

Yule mzee Mwalimu hakumfungulia faili siku ile. Alimwandikia kwanza historia yake, kurasa mbili, wapi alikaa mwaka gani, shule gani, nani bado yu hai wa kushuhudia, kisha akamtaka aende ofisi ya uhamiaji akiwa na mwenyekiti wa mtaa wake, ajitaje mwenyewe, asisubiri kutafutwa. Alimtoza hela ya kuchapa kurasa mbili.

Lakini benchi hilo hilo ndilo linalokula nyota yangu, na hii ndiyo sababu ya pili na kubwa. Hakuna siri pale. Mwalimu amezoea darasa la watoto sitini, sauti yake haijui kushuka. Fomu anaisoma kwa sauti, wewe unajibu kwa sauti. "Umewahi kushtakiwa? Umewahi kuolewa kabla ya ndoa hii?" Na watu sita wa benchi wananyamaza ghafla, hata printa inaonekana kusikiliza. Mimi niliwahi kuolewa Palma, nikaachika nikiwa binti mdogo, ni jambo ambalo mume wangu analijua na Mikindani ilikuwa hailijui. Nilijibu kweli kwa sababu uongo kwenye ile fomu ni kosa la jinai. Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amekuja kutoa kopi ya cheti cha mwanawe. Kabla ya magharibi mawifi wote walikuwa na habari hiyo. Nilimwambia Mwalimu aweke hata pazia la kanga kwenye ile kona ya marehemu. Akasema atafikiri. Nilipopita mara ya mwisho pazia halikuwepo.

Mazoezi ya mahojiano hayamo kwenye bei, anayafanya kwa hiari yake jioni wateja wakipungua. Faili lako litapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, ya wilaya kisha ya mkoa, na huko utaulizwa uso kwa uso. Yeye hakukariri nami majibu. Anakuuliza maisha yako kwa kuyageuza, leo anaanzia ndoa, kesho anaanzia ulivyovuka, kuona kama yanabaki yale yale. Katikati anatumbukiza Muungano ulikuwa tarehe ngapi, Azimio la Arusha mwaka gani, nani alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais baada ya Muungano. Hayo ya vitabuni watu wanajiandaa, Aprili 26, 1964, mwaka 1967, Karume, wanayatiririsha kama salamu. Wanapoanguka ni jina la mtendaji wa kata yao. Alinifanya niende nikamwamkie mtendaji wetu, ambaye nilikuwa nampita sokoni bila kumjua.

Bei nilizozikuta mimi: fotokopi 100, kuchapa ukurasa 1,000, picha nne za pasipoti 4,000, kupanga faili zima tangu kuvisoma vyeti mpaka kutoboa na kufunga kamba 30,000. Hiyo 30,000 hailipwi siku ya kwanza, unalipa akisema faili limeiva. Ada za serikali ni habari nyingine, unapewa kontroli namba na unalipa mwenyewe benki au kwa simu. Mtu akikwambia umpe yeye taslimu akulipie, umeshajua ni nani. Umeme ukikatika, na mkoa huu wa gesi nao unakatika, kazi inasimama kwa sababu jenereta hana, na hapo utakula ming'oko mpaka uchoke. Kiungwana anakwambia mapema ukaendelee na shughuli zako, atakupigia.

Asilolifanya ni kukupelekea faili. Unalibeba mwenyewe mpaka uhamiaji. Wala hatoi ahadi ya muda, na hapo msimlaumu. Faili likitoka mkoani linakwenda juu, na mwenye neno la mwisho ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, ambaye kwa sheria halazimiki kutaja sababu akikukatalia. La kwangu lilikaa kuliko nilivyopenda. Nilikuwa nampigia Mwalimu kila nikiota ndoto mbaya, ananijibu, "Mwanangu, mimi nauza karatasi, siuzi habari za Dodoma." Jibu zuri lilipokuja nililetewa na simu ya ofisi, siyo yake, na yeye nilimwambia mimi.

Mwisho wa njia uwe umejiandaa kwa kuukana uraia wako wa zamani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa wa nchi mbili, hata uwe umeolewa, hata mama yako awe Pemba. Nilikana kwa maandishi nikala kiapo cha utii. Niliwahi kufikiri nitalia, nikajikuta nawaza kama jina la baba limeandikwa sawa. Lilikuwa sawa. Mume wangu aliniambia jambo moja tu limenipita, urais, maana Katiba inataka raia wa kuzaliwa. Nikamwambia na yeye sasa si kiambatisho tena, akachote maji.

Nilirudi kwa Mwalimu baada ya cheti cha tajnisi kutoka, kwa sababu kazi haikuishia hapo. Kuna kubadilisha taarifa za NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, kutoka mgeni mkazi kwenda raia, na kuna pasipoti, hii ya kielektroniki iliyoanza 2018, ada yake 150,000. Fomu ya pasipoti inajazwa mtandaoni na pale kwake yule kijana anaifanya haraka kuliko mwenyewe, kwa hiyo kwa pasipoti omba kijana, kwa tajnisi ngojea mama. Shamba la Naliendele tumeanza kulishughulikia. Kaka ameshaitafuta barua ya mwajiri wake wa zamani na karatasi yake ya mraba kaibandika ukutani nyuma ya mlango, anajaza buluu kila mwezi ukiisha, na hasemi tena kwa Kimwani.

Kwa wanaotoka mbali, Newala, Nanyamba, Tandahimba: fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, akishapokea mafaili mawili kwa siku hapokei la tatu. Ijumaa anafunga saa sita mchana, Jumamosi anafanya fotokopi na picha tu, Jumapili hayupo. Njooni na vyeti halisi, siyo picha kwenye simu. Na kama mna ndoa ya zamani msiyotaka ijulikane, njooni siku ya mvua, benchi linakuwa tupu.